Nusu Lita

Kwenye karamu ya miaka kumi tangu tuhitimu,
pale Santiago, mvua imegoma kukatika,
swali lilizunguka meza kabla ya supu:
Uko wapi siku hizi?
Brais akataja jina, moja tu,
nalo likajitosheleza, halikuhitaji kiambishi.
Sabela akataja lingine, glasi zikainuliwa.
Zamu yangu ikafika.
Nikasema: Niko kwenye ushirika wa maziwa, kule Chantada.
Mtu akanisogezea chumvi.

Niwaambieni sasa ambalo sikulisema pale,
maana majibu mazuri hunijia nikiwa nimeshavua viatu.

Programu yangu inapima maziwa.
Saa kumi alfajiri Eladio hupanda milima na lori la tangi,
ng'ombe wanacheua gizani,
na kule juu mtandao hauna habari na mtu.
Kwa hiyo simu yake hukumbuka yenyewe,
zizi kwa zizi, lita kwa lita,
hadi barabara iteremke kwenye mawimbi ya mnara,
ndipo ikohoe yote kwa mpigo.
Hicho kikohozi nilikiandika mara tisa.
Hakuna aliyewahi kukisifu.
Eladio husema tu, "Leo haikunisumbua,"
kisha huwasha sigara.

Mwaka wa pili nikaliona kosa.
Silo la mtu mwingine, langu:
mstari mmoja uliokata desimali badala ya kuikadiria.
Kila zizi, kila asubuhi, likipoteza kama nusu lita.
Nusu lita! Paka wa Dorinda hunywa zaidi.
Lakini haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba hicho nilikuwa nikikitoboa mimi.
Mazizi mia tatu na nane. Siku mia sita.
Kiwandani tangi lilionyesha ziada,
mhasibu akaiita povu.
Nikapiga hesabu kwa mashine, kisha kwa kalamu,
nikitumaini kalamu itanihurumia.

Ningeweza kuurekebisha mstari usiku uleule
na kunywa chai yangu.
Nani angejua?

Ukumbi wa mkutano ulinuka mabuti yaliyolowa.
Nilisimama kati ya bei ya chakula cha mifugo
na ukarabati wa paa.
Nikasema: Ni mimi.
Mzee mmoja akaniomba nirudie,
si kwamba hakusikia.
Nikarudia.
Dorinda akauliza, "Na kuanzia kesho?"
"Kuanzia kesho, inahesabu kila tone."
"Basi kaa chini, binti. Bado kuna paa."

Walilipwa wote. Yeye alipata euro mia moja kumi na tisa
na senti kumi na sita.
Hakunishukuru, na kwa nini anishukuru?
Lakini tangu siku ile, mizani ikiwa na neno,
hunipigia mimi, hampigii mwenyekiti.

Simdharau Brais.
Anachotengeneza hutumiwa na watu wengi
kuliko Galisia nzima, wafu wakihesabiwa.
Nje, chini ya mwavuli wangu, aliniambia
hajawahi kukutana na hata mmoja wao.
Hakulalamika. Alilisema
kama mtu anayetaja urefu wake.
Kisha akauliza ile simu bila mtandao inakumbukaje,
tukasimama pale hadi suruali zetu zikalowa magotini,
tukichora kwa vidole kwenye kioo cha gari
la mtu tusiyemjua.

Mama bado huuliza lini wakubwa wataniita.
Amekata picha ya Brais gazetini,
iko kwenye droo, pamoja na mishumaa.
Majirani wakimuuliza kazi yangu, hujibu "kompyuta,"
akakimbilia habari za hali ya hewa.

Ana ng'ombe kumi na mmoja.
Stakabadhi hufika kabla jua halijapanda,
huivalia miwani, huisoma akiwa amesimama,
midomo ikitembea:
mia mbili na kumi na mbili.
Hapo hutua, hushusha pumzi.
Na nusu, husema.
Na nusu.