Sitaha ya Kumi na Moja

Usiku wa kwanza tulishuka hadi sitaha ya tatu,
mimi na gauni la kijani nililolishona msimu mzima wa baridi,
Orest na suti yake ya pekee, tai ikimkaba kama deni.
Taa za vioo. Zulia linalomeza nyayo.
Kijana akanivutia kiti, akanitandikia kitambaa mapajani
kana kwamba mimi ni mtoto, au mgonjwa,
nikaona uma tatu zimelala kushoto
kama ndugu wasiosemezana.

"Anza na wa nje," nilimnong'oneza Orest.
"Nje ya nini?" akauliza, kwa sauti.

Daktari wa meno kutoka Toronto na mkewe,
wajane wawili wenye lulu, na bwana mmoja
aliyekwisha kuizunguka dunia mara nne
na bado hajafika popote.
Wakatuuliza tunafanya kazi gani.
Orest akasema: ngano.
Wakasubiri aendelee.

Akatia mkono mfukoni kutafuta miwani asome menyu,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili:
ratiba ya mazishi ya kaka yake, Metro,
Novemba iliyopita, kanisa la Waukreni, herufi za dhahabu.
Suti ile haikuwa imekwenda kwingine tangu siku hiyo.
Akaikunjua, akaiweka kando ya menyu.
Urefu uleule. Dhahabu ileile.
Akasoma hii, akasoma ile,
na kijana aliporudi na kalamu yake
Orest akasema, "Sijui. Niletee mkate tu."

Nilikasirika, sitaficha.
Usiku nililala nikihesabu mishono ya lile gauni.
Miaka arobaini na moja nimepika kwa saa ya mashine za kuvunia,
nimekula nimesimama, mgongo kwenye sinki,
macho kwenye vumbi la barabarani kuona nani anakuja na njaa,
nikajiahidi kwamba siku moja nitakaa,
na mtu mwingine aniulize kama nataka tena.

Jioni ya pili akasema, "Nenda wewe. Mimi napanda juu."

Nikavaa gauni. Nikavaa hereni.
Lifti ikafunguka, ikanisubiri.
Kidole kilielekea tatu,
kikabonyeza kumi na moja.

Juu kule hakuna wa kukuvutia kiti.
Unachukua sinia, unapanga foleni nyuma ya mtoto
aliyelundika viazi vya kukaanga juu ya tikitimaji,
mbele yake baba mwenye kandambili, nywele zinachuruza maji ya bwawa.
Hakuna aliyelitazama gauni langu,
ila bibi mmoja aliyesema, "Kijani!"
akaendelea kujipakulia kabichi.

Orest alikuwa dirishani, sweta imetoboka kiwiko,
supu ya samaki mezani, mabakuli mawili.

"Nilidhani unakwenda chini."
"Mbona mabakuli mawili basi?"

Akanisukumia moja, likamwagika kidogo.

Nje, mto wa barafu wa Alaska, bluu ya ndani ya kibiriti cha gesi.
Kipande kikakatika, kikaanguka kimya;
sauti ikaja baadaye, kama radi iliyokosa basi.
Watu wote wakasimama, uma mikononi.
Walipoketi, Orest akaanza kuzungumza.
Metro, alivyochovya mkate katika chai hata mbele ya padri.
Metro, alivyoficha soseji kwenye buti siku ya mfungo,
mbwa akamfuata hadi madhabahuni.
Tangu Novemba hakuwa amelitaja jina lile,
sasa alilitafuna, alilimeza, alicheka,
pua inavuja, anajifuta kwa karatasi ya mezani.
Supu yake ikapoa mbele yake. Yangu nikaimaliza.

Akainuka na bakuli langu.
"Unataka tena?"

Nikasema ndiyo. Nikavua viatu chini ya meza.

Siku sita zilizobaki hatukushuka.
Doa la supu bado lipo kwenye gauni, upande wa kushoto.
Nimelisugua mara moja tu, bila bidii.