Hisa Mia Tatu na Arobaini

Veikko alizinunua mwaka ule kinu cha karatasi kilipofungwa,
kwa nusu ya kiinua mgongo chake.
Nusu nyingine tukaezekea paa.
Paa halijavuja hadi leo.

Kwa hiyo mimi, Aune Kettunen, mjane wa Thunder Bay,
ni mwenye kampuni.
Hucheka nikilisema, lakini karatasi ninazo:
hisa mia tatu na arobaini za Marlund Nikeli,
yaani, kwa hesabu yangu, skrubu chache za lori moja
na labda kioo chake cha pembeni.

Gazeti la kwanza lilikuja Jumanne.
Bwawa la mabaki linavuja, liliandika,
maji ya visima vya Pellow yana ladha ya sarafu.
Nikangoja Jumatano mseme ni uongo.
Nikangoja Alhamisi mseme ni kweli.
Ijumaa ningeridhika hata na kikohozi.

Gazeti la pili lilikuwa na mtoto na ndoo.
La tatu, jina la mhandisi wenu
aliyewaandikia barua miaka miwili nyuma, akahamishwa.
Nanyi, mabwana na mabibi wa ghorofa ya ishirini na sita,
mmetulia tuli kama maji ya mtungi,
na maji ndiyo hasa tunayoulizia.

Nilipiga simu. Kinanda kikanitumbuiza dakika arobaini na moja;
nikamenya viazi, nikavichemsha, nikavila.
Kisha msichana, Priyanka, sauti ya mafua:
kampuni haina la kusema kwa sasa.
Nikamwuliza, na wewe, mwanangu, unalo?
Akanyamaza.
Hicho ndicho kimya pekee nilichokielewa
tangu mambo haya yaanze.

Hisa ilikuwa dola kumi na moja. Sasa ni nne na senti.
Msidhani ni hilo linaloniuma.
Ni hilo pia; sitajifanya mtawa.
Ila bei nimeiona ikianguka na kuinuka kabla ya leo.
Ninachoshindwa ni duka la mikate,
Lempi, ambaye dada yake anaishi Pellow,
akinirudishia chenji huku akitazama mizani.

Funika kombe, mwanaharamu apite:
labda ndivyo mnavyoambizana mezani.
Lakini nani anapita hapa?
Sisi tunakaa. Visima vinakaa.

Leo bahasha yenu imefika, nene.
Mikono ikitetemeka nimeifungua kwa kisu cha siagi.
Ndani, jani la kijani lililochapwa vizuri,
mwenyekiti akicheka kando ya mto, mto mwingine,
na fomu ya kura: wakurugenzi tisa, warudishwe?
Chini, mahali pa maoni,
mstari mmoja, urefu wa kidole changu cha mwisho.

Nimekaa nayo tangu adhuhuri.
Theluji imefuta njia ya gari, kisha ua, kisha sanduku la barua.
Veikko angeandika tusi moja la Kifini, nalo lingeenea.

Mimi nilipima maji pale kinuni miaka ishirini na mitatu.
Kila baada ya saa mbili: chupa, namba, saini.
Namba ikiwa mbaya niliandika.
Ikiwa mbaya sana niliandika kwa wino mweusi,
nikamwamsha meneja nyumbani kwake, usiku wa manane,
akanitukana, akavaa buti, akaja.

Jioni nimempigia Lempi.
Nimemwomba chupa moja ya maji ya dada yake,
ya jamu inatosha, ioshwe kwanza, ijazwe hadi mdomoni.
Kimya. Nikasikia oveni ikifunguliwa, ikifungwa.
"Jumamosi," akasema.

Garth wa maabara bado ana mashine yake kwenye gereji.
Ikitoka tano nitaandika tano.
Ikitoka sifuri, nitaandika sifuri na nitawaomba radhi.
Mstari wenu ni mfupi, najua,
lakini namba haihitaji nafasi,
na saini yangu siku zote ilikuwa ndogo.