Mweka Hazina

Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana,
ukumbi chini ya kanisa la Wamethodisti, Stoke-on-Trent.
Dirishani, tanuri la vyungu la zamani
limesimama kama chupa iliyokwisha kunywewa.
Tumekodi saa mbili kwa pauni thelathini,
na joto halimo kwenye bei.

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala,
sare bado iko ndani ya koti,
vidoleni sabuni ya Bi Doreen
ambaye alfajiri, nikimgeuza ubavu, aliniuliza
mara ya tatu wiki hii:
"Na mama yako, mwanangu, nani anamgeuza?"

Nafungua daftari.
Masalu wa ghalani: hamsini.
Kabula aoshaye mabasi: ishirini, na deni la Machi.
Ngollo katuma kwa simu, mtoto ana tetekuwanga.
Wale wanafunzi wawili: tano tano,
pamoja na aibu, ambayo sikuiandika.

Hoja: jokofu la sola la chanjo,
au nyumba ya wajawazito kungojea siku zao,
maana toka Mwanhuge hadi hospitali ya wilaya
ni kilomita arobaini na moja,
na masika mto haujadiliani na mtu.
Masalu anataka kibao cha majina yetu ukutani.
"Marumaru," anasema. "Yasifutike."
Kabula anamuuliza kama kuna mtu atajifungulia juu ya jina lake.
Tunacheka, kila kinywa kinatoa mvuke.

Kisha katibu anaweka simu mezani,
sauti ya mtendaji wa kijiji, jogoo nyuma yake:
"Ndugu zetu, jengo limekwisha.
Milango tumeipaka buluu. Vitanda viwili vimefika.
Ila muuguzi hatujapata.
Aliletwa mmoja Mei, Juni akaomba uhamisho.
Akina mama wanakuja, wanakaa barazani,
wanautazama mlango mpya, wanarudi."

Bomba linagonga mahali fulani ukutani.
Hakuna anayeniangalia,
na ndivyo nilivyojua kuwa wote wananiangalia.

Miaka sita nilikuwa mimi.
Chumba kimoja, popo darini,
tochi nimeibana kwa meno
mikono yote miwili ikimpokea mtoto.
Mshahara ulikuja kama mkwe:
kwa kuchelewa, na haukai.
Watoto mia mbili na kumi na watatu.
Wanne walinishinda; hao siwahesabu kwa sauti.
Halafu tangazo, mtihani wa Kiingereza,
ada iliyotoka zizini mwa baba.
"Miaka miwili tu," nilimwambia Limbu mfagizi,
nikamwachia rejista na ndoo.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Sasa usiku mmoja wa kuwalisha uji wazee wa watu
unanunua glavu za mwezi mzima kule.
Hesabu hiyo ni sahihi, nimeirudia mara nyingi
kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri.
Ni sahihi, na mlango wa buluu umefungwa.

"Fimbo ya mbali..." anaanza Masalu.
"Malizia uone," anasema Kabula,
na kunimiminia chai ambayo sikuomba.

Tulipiga kura. Jokofu, saba kwa nne.
Chanjo zitapata ubaridi; wa kuzichoma hayupo.
Nikaandika jumla, nikapiga mistari miwili chini yake,
kama nilivyokuwa nikipiga chini ya uzito wa kichanga.

Naishi ghorofa ya tatu juu ya duka la chipsi.
Kwenye pete yangu ziko funguo tatu:
wa mlango wa chini, wa mlango wa juu,
na mdogo wa shaba, wa kabati la dawa, Mwanhuge,
niliosafiri nao mfukoni bila kukusudia.
Kufuli walilivunja, nadhani. Sijauliza.
Ila gizani, mvua ya huku ikinyesha ubavuubavu,
vidole vinautoa huo kwanza,
vinaujaribu.