Kabati la Tabata

Wa kwanza niliununua Mtaa wa Kongo,
saa saba mchana, jasho likinichora mgongoni,
muuzaji akiapa kwa mama yake mzazi
kwamba umeshuka jana na ndege kutoka Milano.
Laki mbili na nusu. Nikamwomba apunguze,
akapunguza haraka mno.
Hapo ndipo ningeshtuka.

Wiki tatu, dhahabu ya bizimu ikabanduka
ikabaki rangi ya kijiko cha mgahawa.
Yusta wa uhasibu akaugeuza, akausoma
kama anavyosoma hesabu za watu wasioaminika.
"Shoga," akasema, "jina lina herufi moja ya ziada."
Nilicheka na wenzangu.
Chooni nikalia kidogo, wala si kwa ajili ya pesa.

Nikaanza kujifunza.
Kuhesabu mishono, jinsi inavyolala upande mmoja
kama watu wa safu moja wakiinama.
Kunusa: ngozi ya kweli hunuka mnyama aliyetulia,
ya uongo hunuka gundi na haraka.
Na zipu. Zipu nzuri haigombani nawe.

Karume, alfajiri, marobota yakipasuliwa,
nilizama hadi viwiko katika mikoba iliyochokwa Ulaya.
Chini kabisa, chini ya kiatu cha mtoto kisicho na mwenzake,
kitu cheusi, kizito, kimya.
Elfu kumi na nane. Huyu hakuapa kwa mtu.
Kwenye kifuko cha ndani, tiketi ya treni
na rangi ya mdomo iliyokwanguliwa mpaka mwisho.
Tiketi nimeiacha humo humo.
Mwenyewe alikuwa na safari yake; mimi ni nani nimshushe?

Fundi Kibwana wa Ilala hakuuliza ni wa nani.
Aliukunja, akaupeleka sikioni.
"Huu utakuzika," akasema.
"Ila usije ukaufunga kwenye nailoni."
Nilimsikia kwa sikio moja.
La pili lilikuwa kwenye simu, kwenye bei.

Maana nilikuwa nimekolea.
Kikoba cha Jumamosi nikakidanganya: mkopo wa matofali.
Matofali! Mikoba minne, miwani,
skafu ya hariri niliyoogopa hata kuifunga.
Kiwanja cha Chanika kikaota nyasi,
jirani akapata pa kufungia mbuzi wake.

Kisha masika. Siku tisa,
umeme ukienda na kurudi kama mume mwenye nyumba mbili.
Nilipofungua kabati, ukungu wa kijani
ulikuwa umevaa kila kitu, haukuchagua jina.
Iliyofungwa vizuri zaidi ndiyo iliyooza zaidi,
ile ya sherehe, ile ya "siku moja".
Sherehe yenyewe ilikuwa inangoja nini, sijui.

Nikaitandaza uani, na siki, na kitambaa, na aibu.
Mama Ndimbo akachungulia juu ya ukuta:
"Jirani, unaanika papa?"
Nikamjibu, ndiyo, papa.
Ghali kuliko wote niliowahi kuanika.

Miwili nimeiuza kwa hasara, kikoba nimekilipa.
Kwa sasa Chanika kuna matofali mia tatu ya kweli,
na mbuzi wa jirani anasimama juu yake
akitazama barabara kama mwenye hati.

Yusta huniuliza ipi ilipona.
Wa Karume ulipona,
kwa sababu haukukaa kabatini hata siku moja:
ulibeba chapati, chaja, bili za maji,
viatu vyangu vya kandambili mvua ilipokuwa kubwa.

Na ule wa Mtaa wa Kongo, wenye herufi ya ziada,
nao umepona, haukupata hata doa.
Ukungu uliunusa, ukapita.
Haukuwa na ngozi ya kula.