Mabaki ya Nyekundu

Oda ililetwa Jumatatu, karatasi mbili na pini:
bendera kumi na tisa za mezani, saizi moja,
hata ya kisiwa kile ambacho chote kingeenea kwenye mteremko wa Meru.
Afisa itifaki akanipimia kwa rula yake mwenyewe.
Wote sawa, Mama Kaaya. Umenielewa? Wote sawa.

Nikaelewa. Alfajiri nikafungua duka, Levolosi,
baridi ya Julai imelalia cherehani,
Ndewario anapuliza mkaa wa pasi
maana umeme nao ulikuwa na mkutano wake.

Kumi na nane tulizishona.
Ya kumi na tisa ilikuja kwa ndege
ndani ya sanduku lenye kufuli,
na mlingoti wake, na kitako chake cha shaba,
na kijana wa miwani nyeusi wa kuisindikiza.
Tukaisimamisha ukumbini kati ya wenzake:
iliwazidi shibiri moja.
Afisa akatazama rula. Akairudisha mfukoni.

Wakataka pia sketi ya jukwaa, kwa nyekundu yao,
jora walilileta wao. Nikakata, nikapinda,
ikabaki robo tatu ya mita.

Usiku akaja bwana mwembamba,
koti limemzidi kama la mtu anayetarajia kunenepa.
Nchi yake Ndewario aliitafuta kwenye ramani ya daftari,
akaifunika yote kwa kidole gumba.
Akashika bendera yake, akaipeleka taani.
"Nyekundu hii si yenyewe. Ni ya maharage."
Kweli. Nilikuwa nimeitoa dukani kwa Urio.
"Yale mabaki je? Ya wale wakubwa?
Kwenye picha ionekane tuko pamoja."
Nikamuuliza, ionekane kwa nani?
Akakunja ufito wa koti, akaukunjua.
"Kwa jirani yetu," akasema. "Ana vifaru."

Sikucheka.
Mimi pia huvicheka vichekesho vya Urio kabla havijaisha,
kwa kuwa majora anayonikopesha hayana maandishi.
Bibi alizoea kusema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Bibi hakuwahi kupakana na mwenye vifaru.
Nikafumua ufito wa maharage, nikashona mwingine,
mishono midogo, ya kwenda na kurudi.
Akanilipa kwa noti ambayo hakuna benki mjini iliyoijua.

Siku yenyewe barabara ilifungwa toka Sanawari,
ving'ora, pikipiki, mwanamke na mkungu wake wa ndizi
ameambiwa asubiri hapo hapo, asiutue.
Mimi niko nyuma ya ukumbi na sindano, endapo kitu kitafumuka.
Mkubwa alisema dakika arobaini.
Neno "marafiki" nililihesabu mara kumi na moja;
"maslahi yetu," vidole viliniishia.
Bwana mwembamba alipiga makofi kila pumziko,
hata pale mtu alipokuwa anakunywa maji tu.

Kabla ya chai, Mkubwa akaondoka.
Kijana wa miwani akang'oa mlingoti,
akafunga sanduku, akajaribu kufuli mara mbili.
Juu ya meza ikabaki duara, alama ya kitako cha shaba,
na bwana mwembamba akaitazama kitambo,
kisha, taratibu, akaweka kikombe chake pale.

Malipo hayajafika hadi leo.
Bendera zilirudi na madoa, tuzifue, zitunzwe kwa mwakani.
Nyekundu ya Urio haikutikisika.
Ile ya ndege ndiyo iliyochuja:
ikaingia kwenye nyeupe ya yule bwana,
ikapanda mpaka kwenye nyota yake ndogo.
"Tumjulishe?" akauliza Ndewario.
Kwa anwani ipi?

Nikaikamua. Maji ya waridi yakaenda mtaroni,
yakateremka Ngarenaro pamoja na maganda.
Zile nyingine nilizianika uani, kwenye jua.
Ya kwake nimeitundika humu ndani, nyuma ya mlango,
majirani wasiione.