Shilingi ya Nani

Bi. Syombua alipiga simu saa mbili na robo,
nyuma yake Marikiti ikiteremsha magunia ya nduma:
"Kwenye risiti nadaiwa elfu nne mia mbili.
Kwenye taarifa, elfu nne mia mbili na moja.
Hebu niambie, mwanangu,
hiyo shilingi ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chai ya jana
na dirisha la orofa ya tatu, Ngara,
linalotazama paa la fundi miwani.

Nikaisaka riba kwenye mafaili ya chama.
Kitendakazi kimoja, mistari sita:
kinapokea deni na siku, kinarudisha riba.
Nilidhani kimekaa mahali pamoja.
Nilikikuta mara kumi na moja.
Ukurasa wa risiti una chake, wa taarifa chake,
wa faini chake,
kama ploti yenye milango kumi na mmoja,
kila chumba na saa yake ukutani
na hakuna mbili zinazokubaliana.
Huku senti zinakatwa. Kule zinapandishwa.

Nani alinakili hivi? nikafoka peke yangu,
nikafungua kumbukumbu za mabadiliko:
jina langu. Jina langu. Jina langu.
Gatwiri mara moja tu, ile ya kwanza,
kabla hajahamia Kigali,
akaacha na wosia juu yake:
"Kikiharibika, rekebisha hapa tu."
Hapa tu! Na mimi, usiku ule wa Novemba,
Odera amesimama nyuma ya kiti changu akitazama saa,
nilinakili nikabandika, nikanakili nikabandika.

Basi nikafungua faili jipya, tupu,
nikaliita riba.
Nikahamishia humo mistari sita ya Gatwiri,
nikazinyoosha senti,
na mbele yake nikaweka lile neno moja
linalokiambia: toka, uonekane.
Bila neno hilo kingekaa humo ndani
kama mtu aliyefungiwa kwa kufuli la nje,
anajua hesabu yote, hasikiki.

Kutoa ni moyo, si utajiri, tuliambiwa.
Lakini huku kutoa kuna ajabu yake.
Nikikuazima ungo, nabaki bila ungo.
Nikikuazima ngazi, balbu yangu inangoja.
Hiki ukikichukua, kipo. Wakichukua kumi, kipo.
Stima imepotea, jirani kaja na mshumaa:
anawashia kwangu, anaondoka,
na chumba changu hakijaingia giza.

Nikaenda mlango kwa mlango
nikizitoa zile saa ukutani,
na juu kabisa ya kila ukurasa nikaandika:
leta riba, kutoka faili lile.
Kumi nikafuta.
Moja ikakataa. Ukurasa wa zamani, mikopo ya mazishi;
nikiugusa, tovuti nzima inakuwa nyeupe.
Nikauacha. Nikaandika juu yake
maneno yale yale ya Gatwiri,
kisha nikayafuta kwa aibu.

Saa kumi na moja nikampigia Bi. Syombua.
"Ni elfu nne mia mbili, kote kuwili sasa."
"Na shilingi yangu?"
"Haikuwa ya mtu, mama. Ilizaliwa njiani."
Akacheka. Akanyamaza kidogo.
"Nimekopa humo miaka tisa," akasema.
"Zimezaliwa ngapi?"