Hayalingani

Nilitaka kuanzia kitovuni.
Ndivyo mkono ulivyozoea:
kitovu, ngozi nyembamba, mlango wa kwanza wa mtu.
Daktari Mbeyu akaweka kidole juu ya kovu
lililoteremka kama mshono wa gunia.
"Huyu alifunguliwa mwaka gani?"
Sikujua. Nilisoma faili, sikulisoma tumbo.

Bi Mwanamkuu alikwisha kulala,
mchora piko wa Kibokoni, ncha za vidole nyeusi,
na uvimbe kwenye kifuko cha mayai, ukubwa wa danzi.
Asubuhi nilipomtia alama kwa kalamu
alicheka: "Mstari wako waogopa ngozi."

Basi tukahama.
Mrija puani, tumbo la chakula likatolewa hewa;
kibofu kilikwisha kumwagwa.
Meza sawa, kichwa kisiteremke bado:
"Ukimwinamisha mapema, mshipa mkuu unakuja kukulaki."
Chini ya mbavu za kushoto, vidole viwili,
sindano ikalia ta, ikalia ta,
nikasimama hapo.
Tone la maji likamezwa.
Gesi ikaingia, tumbo likaumuka kama kitumbua.

Kamera ikageuka kukitazama kitovu kwa ndani.
Palepale nilipotaka kuchoma
utumbo ulikuwa umegandana na ukuta,
wa waridi, ukijisogeza kidogo,
kama mtu aliyelala akiegemea mlango.

Hakuna aliyesema kitu. Mashine ya usingizi ilisema.
Jasho la Machi likanitambaa mgongoni.

"Zimeni taa."
Chumba kikawa giza, tumbo likawaka
jekundu, kama karabai nyuma ya leso,
na mishipa ya ngozi ikajichora: matawi, vikonyo,
piko ambayo hakuna aliyeipaka.
"Hiyo ni midogo. Ule mkubwa mwanga hauuonyeshi.
Mtafute kwa ndani, pita nje yake,
na ncha isikupotee machoni
hata ukishikwa na chafya."
Nikapita nje yake. Kulia. Kisha, baada ya muda mrefu, kushoto.

Siku ya pili alijifunua, akahesabu plasta:
moja huko juu ubavuni, peke yake, mbili chini.
"Hayalingani matundu yako.
Mimi nikimchora bibi harusi hivi, silipwi."
Nikamwambia utumbo wake ulikuwa umelala mlangoni.
Akanyamaza. Akaushika mkono wangu wa kulia,
akaugeuza kiganja juu,
kama anayetafuta pa kuanzia.